Pink Floyd na wimbo uliowarudisha studio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Aprili 2022, kila nikiutaja wimbo wa "Hey Hey, Rise Up!" mbele ya watu wapya, maswali huwa yale yale. Wazee wanashangaa bendi imerudi bila Roger Waters, mpiga besi na mtunzi wao wa zamani. Vijana wanashangaa kwa nini dunia nzima iliushughulikia wimbo mmoja wa dakika tatu na nusu. Nimeyakusanya maswali hayo hapa pamoja na majibu yake. Aliyekuja kwa ajili ya wimbo tu na aanzie sehemu ya pili.

## Kuwafahamu kwanza

Pink Floyd ni akina nani?

Ni bendi ya Uingereza iliyoanzia London mwaka 1965. Roger Waters wa besi, Nick Mason wa dramu na Richard Wright wa kinanda walikutana wakisomea usanifu majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic. Syd Barrett, kijana mchoraji kutoka Cambridge, ndiye aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wao mkuu. Albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, ilitoka Agosti 1967.

Kabla mwaka huo haujaisha, hali ya Barrett kiakili ilikuwa imedhoofika kiasi kwamba alikuwa akipanda jukwaani na kusimama tu. Wenzake wakamwita David Gilmour, rafiki yake wa tangu utotoni, amsaidie kwenye gitaa. Kwa wiki chache walikuwa watano, kisha siku moja wakaenda kupiga bila kumpitia Barrett nyumbani. Aprili 1968 ikatangazwa rasmi kuwa ametoka. Tukio hilo halikuwahi kuwatoka rohoni, na bila kulijua huwezi kuelewa nusu ya nyimbo zao (tazama swali la Syd Barrett, sehemu ya nne).

Pink ni yupi kati yao?

Hakuna. Barrett aliunganisha majina ya wapiga blues wawili Weusi wa Marekani, Pink Anderson wa South Carolina na Floyd Council wa North Carolina, aliowafahamu kupitia santuri. Wakubwa wa kampuni za muziki nao waliwahi kuuliza swali hili hili, na bendi ikaliingiza kwenye wimbo mwaka 1975.

Je, hii ndiyo bendi ya Freddie Mercury wa Zanzibar?

Hapana. Swali hili huulizwa sana huku kwetu, na si vigumu kujua sababu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliimbia Queen. Bendi zote mbili ni za Uingereza na zilivuma miaka ya 70, lakini hazikuwahi kuwa kitu kimoja.

Roki progresivu ndiyo muziki gani?

Ndio muziki wa Pink Floyd na wenzao, roki iliyokataa kubanwa na dakika tatu za redio. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa Uingereza walianza kutunga nyimbo ndefu zenye sehemu kadhaa. Walichanganya gitaa la umeme na vinanda vya kila aina, wakachota kutoka kwenye jazi na muziki wa kanisani, na albamu nzima ikawa inasimulia jambo moja. Echoes ya Pink Floyd, ya mwaka 1971, ina dakika zaidi ya 23 na inajaza upande mzima wa santuri.

Aliyekulia kwenye taarabu hatashtuka. Sisi tumezoea wimbo unaoanza kwa vyombo vitupu mpaka ukumbi utulie, mwimbaji akaingia pale anapoona panafaa, na hakuna anayetazama saa. Aliyezoea dansi anajua kusubiri sebene. Subira ni ile ile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema muziki huu ni mgumu kwa masikio ya Mswahili.

Nani yuko hai, na nani bado ni mwanabendi?

Barrett alifariki Julai 2006 na Wright alifariki Septemba 2008. Waters alijitoa mwaka 1985, na baada ya vita vya mawakili kuhusu jina, wakafikia makubaliano mwishoni mwa 1987. Kwa hiyo jina la Pink Floyd sasa wanalibeba wawili, Gilmour na Mason. Mason ndiye pekee anayesikika katika kila albamu ya studio ya bendi hii.

## Wimbo wenyewe

"Hey Hey, Rise Up!" ni wimbo gani, na ulitoka lini?

Ulitoka mtandaoni tarehe 8 Aprili 2022, wiki sita baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Ulirekodiwa tarehe 30 Machi. Gilmour alipiga gitaa na Mason dramu. Guy Pratt, ambaye amekuwa akiwapigia besi tangu miaka ya 80, alishika besi, na Nitin Sawhney alikaa kwenye kinanda. Gala, binti wa marehemu Richard Wright, alikuwepo siku ya kurekodi.

Wimbo unaanza na kwaya ya Veryovka ya Ukraine kutoka rekodi iliyokuwepo. Baadaye sauti ya mwanamume mmoja inaingia, na bendi inajipanga nyuma yake. Hakuna mwanabendi wa Pink Floyd anayeimba ubeti hata mmoja.

Basi anayeimba ni nani?

Ni Andriy Khlyvnyuk, kiongozi wa BoomBox, moja ya bendi kubwa za Ukraine tangu 2004. Vita vilipoanza alikuwa Marekani kwenye ziara ya muziki. Aliiacha ziara, akarudi nyumbani, akajiunga na wanaoulinda mji wa Kyiv.

Tarehe 27 Februari, siku ya nne ya uvamizi, alisimama katika uwanja wa Sofiyivska mjini humo akiwa na sare za kivita, kofia ya New York Yankees kichwani na bunduki kifuani. Nyuma yake kulikuwa na mnara wa kengele wa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia. Akaimba bila ala yoyote, akiirekodi video fupi ya Instagram. Sauti iliyomo kwenye wimbo wa Pink Floyd ni hiyo hiyo ya uwanjani. Hakuingia studio kuirudia.

Anaimba lugha gani, na maneno yanasema nini?

Ni Kiukreni. Wimbo wa asili unaitwa Oi u luzi chervona kalyna. Stepan Charnetsky aliupa umbo tunalolijua mwaka 1914 akitumia wimbo wa kale wa watu wa huko, na askari wa kujitolea wa Kiukreni waliouimba katika Vita Kuu ya Kwanza wakaufanya wao.

Kalyna ni kichaka chenye vishada vya matunda mekundu, na Waukraine wamekifanya alama ya nchi yao kama sisi tunavyotumia mwenge au twiga. Katika wimbo, kalyna imeinama mbugani na Ukraine imehuzunika. Waimbaji wanaahidi kukiinua kichaka na kuichangamsha nchi. Jina la Kiingereza la wimbo wa Pink Floyd limetoka kwenye ule mwito wa mwisho wa kuinuka na kufurahi. Enzi za Muungano wa Kisovieti kuuimba hadharani kulikuwa kosa. Kwa hiyo Khlyvnyuk alipochagua wimbo huu miongoni mwa nyimbo zote, kila Mukraine alielewa kwa nini.

Iliwezekanaje kuitumia sauti ya mtu aliye vitani?

Gilmour aliiona ile video, akagundua kwamba kwa kuwa hakuna ala nyuma ya sauti, angeweza kuitoa na kuijengea muziki. Hesabu ya kawaida ya studio ikageuzwa. Kwa kawaida vyombo hupigwa kwanza na mwimbaji huja kuimba juu yake. Safari hii mwimbaji alishaimba na hangeweza kurudia. Ufunguo wa wimbo, mwendo wake na mahali pa kupumulia vilikuwa vimeshaamuliwa na mtu aliyesimama kwenye baridi ya Kyiv, na wapigaji wakongwe ikawabidi wamfuate.

Kabla ya kuutoa, Gilmour alimtafuta kwa simu aombe idhini. Khlyvnyuk alikuwa hospitalini, amejeruhiwa na vipande vya kombora. Gilmour alimsikilizisha kipande kidogo kupitia simu, naye akaubariki.

Kwa nini Gilmour aliamua kufanya hivyo, na kwa nini kwa jina la Pink Floyd?

Mkwewe, mke wa mmoja wa wanawe, ni Mukraine, kwa hiyo vita hivi vilikuwa na wajukuu ndani yake. Pia Gilmour na BoomBox walikuwa wanafahamiana. Mwaka 2015 walipiga pamoja kwenye ukumbi wa Koko, London, katika onyesho la kuisaidia Belarus Free Theatre, kundi la maigizo lililokuwa likiandamwa na serikali yake. Khlyvnyuk hakufika usiku ule kwa matatizo ya viza. Wenzake wakampigia Gilmour vyombo, naye akautoa kwa heshima ya Khlyvnyuk wimbo wa Wish You Were Here, ambao jina lake ni maneno ya kumtamani mtu asiyekuwepo. Miaka saba baadaye bado hakuwepo chumbani, ila sauti yake ilikuwepo.

Kuhusu jina, Gilmour angeweza kuutoa kama wimbo wake mwenyewe, na ungesikika na mashabiki wake. Alieleza wazi kwamba alitaka ufike mbali, na jina la Pink Floyd ndilo kipaza sauti kikubwa alichonacho. Alimpigia Mason, naye akakubali.

Mbona inasemwa ni muziki wao mpya wa kwanza tangu 1994? Kuna albamu ya 2014.

Ni kweli ipo, The Endless River. Lakini ilijengwa kwa mabaki ya vipindi vya kurekodi vya albamu ya The Division Bell ya 1994. Gilmour na Mason waliyasafisha na kuyaongezea ili kumuenzi Wright, ambaye kinanda chake kimejaa humo. Kwa maana ya kuingia studio kama bendi na kupiga kitu ambacho hakikuwepo, 2022 ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka 28.

Ni kweli Mwafrika aliushughulikia wimbo huu kabla yao?

Kweli. The Kiffness, mwanamuziki wa Cape Town anayejulikana kwa kugeuza video za mtandaoni kuwa nyimbo, aliichukua video hiyo hiyo ya Khlyvnyuk na kuitengenezea muziki wa kucheza mapema Machi 2022, na toleo lake likasambaa sana. Sikiliza yote mawili kwa mfululizo. La Afrika Kusini linakufanya uinuke kwenye kiti, na la Pink Floyd linakukalisha. Sioni haja ya kusema lipi limeshinda.

Jalada la alizeti lina maana gani?

Alizeti ni ua la taifa la Ukraine. Picha ilichorwa na Yosan Leon, msanii wa Cuba. Julai 2022 wimbo ulitolewa pia kwenye santuri ndogo na CD, na upande wa pili ukawa na toleo jipya la A Great Day for Freedom, wimbo wao wa 1994 kuhusu furaha iliyofuata kuanguka kwa Ukuta wa Berlin na kilichoharibika baadaye.

Fedha zilienda wapi?

Mapato yote ya bendi yalielekezwa kwenye misaada ya kibinadamu ya Ukraine.

Lakini je, ni wimbo mzuri?

Ukiuweka karibu na nyimbo zao kubwa kama Time au Comfortably Numb, ni mdogo. Nimesoma watu wakilalamika kwamba sauti ya Khlyvnyuk ni kali mno na kwamba gitaa linaingia kama lililobandikwa. Nilipousikia mara ya kwanza nami niliona vivyo hivyo.

Siku hizi nausikia tofauti. Khlyvnyuk anaimba kama mtu anayeita watu kutoka ng'ambo ya mto, na hakuna fundi mitambo anayeweza kuilainisha sauti ya namna hiyo bila kuiua. Gilmour hakujaribu. Gitaa lake linasubiri amalize, kisha linaingia juu kabisa likilia, bila zile hatua za taratibu alizozoea. Mzee wa miaka 76 anapiga kama mwenye hasira, na hasira kwake ni nadra. Nafasi wanayoachiana hao wawili, mmoja akiimba na mwingine akijibu, ndiyo inayonirudisha kwenye wimbo huu.

## Ugomvi na mipaka

Roger Waters yuko wapi katika wimbo huu?

Hayupo, na hakuombwa. Waters alilaani uvamizi, lakini amekuwa akisema pia kwamba nchi za Magharibi ziliuchokoza na kwamba kuipa Ukraine silaha kunarefusha vita. Septemba 2022 alimwandikia barua ya wazi Olena Zelenska, mke wa rais wa Ukraine. Baada ya hapo maonyesho yake ya Kraków, Poland, yakafutwa. Februari 2023 alizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa mwaliko wa Urusi. Wimbo wa wenzake aliukosoa waziwazi, na mwezi huo huo mke wa Gilmour, mwandishi Polly Samson, akamshambulia Waters kwa maneno makali mtandaoni, mumewe akamuunga mkono.

Nimeulizwa mara nyingi niko upande gani. Mashairi ya Waters yamenilea, na yaliyo bora kati yake yanahusu baba aliyekufa vitani Italia mwaka 1944, mwanawe akiwa mchanga. Lakini katika jambo hili nasimama na mtu aliyekuwa akilinda mji wake.

Waliziondoa nyimbo zao Urusi?

Baadhi. Machi 2022 ilitangazwa kwamba kazi za Pink Floyd kuanzia 1987, pamoja na kazi binafsi za Gilmour, zinaondolewa kwenye huduma za muziki za mtandaoni za Urusi na Belarus. Albamu za kabla ya hapo, yaani zile za enzi za Waters zikiwemo The Dark Side of the Moon na The Wall, hazikuguswa na tangazo hilo.

Je, watarudi jukwaani?

Usisubiri. Gilmour amerudia mara nyingi kwamba hana hamu, na wimbo wa 2022 ulikuwa wa dharura moja. Yeye alitoa albamu yake Luck and Strange mwaka 2024. Mason tangu 2018 ana kundi lake la Saucerful of Secrets, linalopiga nyimbo za zamani kabisa za Pink Floyd, zile za kabla ya umaarufu mkubwa. Mwaka huo huo wa 2024 haki za rekodi na jina la bendi ziliuzwa kwa Sony, kwa dola zinazokaribia milioni 400 kama vyombo vya habari vilivyoripoti. Haki za utunzi hazikuuzwa.

## Walichotuachia

Kwa nini The Dark Side of the Moon inatajwa kila mahali?

Ilitoka Machi 1973, na kati ya mwaka huo na 1988 ilikaa wiki 741 kwenye chati ya albamu 200 za Marekani. Nakala zilizouzwa ni zaidi ya milioni 40. Hata asiyejua wimbo mmoja anaijua fulana yenye pembetatu inayoipasua nuru kuwa rangi za upinde wa mvua, jalada la kampuni ya Hipgnosis.

Takwimu hazielezi sababu, ila mada zake zinaeleza. Albamu inazungumzia muda unaokwisha ukiwa bado unajiandaa, fedha, vita, kifo na kurukwa na akili. Hayo yanamhusu dereva wa daladala sawa na mwanachuo wa London. Yamepangwa mfululizo, yakaanza kwa mapigo ya moyo na kuishia nayo.

Ni kweli wimbo wao wa shule ulipigwa marufuku Afrika?

Ndiyo, Afrika Kusini mwaka 1980. Another Brick in the Wall, sehemu ya pili, ulikuwa umetoka mwishoni mwa 1979. Wanafunzi waliosusia masomo kupinga elimu ya kibaguzi waliuchukua kiitikio chake na kukiimba kwenye maandamano. Serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Waters aliuandika akiwakumbuka walimu wakali wa shule yake ya Cambridge, lakini watoto wa Cape Town walikuwa na sababu nzito zaidi ya kuuimba.

Kwaya ya watoto inayosikika humo ni wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, jirani na studio ya bendi London. Mwalimu wao wa muziki aliwapeleka bila kuzungusha maombi mengi ofisini, sauti zao zikarudiwa mara kadhaa ili wasikike kama umati, na shule ikapewa pauni 1,000. Malipo ya mirabaha yalianza kudaiwa mwaka 2004, watoto wale wakiwa watu wazima.

Kwa nini unasisitiza sana sauti za watu wengine?

Kwa sababu wimbo wa 2022 ulionekana kama jambo geni, bendi kubwa kumwachia mgeni kipaza sauti. Ukizipitia albamu zao utakuta wamefanya hivyo tangu zamani. Mbali na watoto wa Islington Green, Have a Cigar ya 1975 imeimbwa na Roy Harper, aliyekuwa akirekodi chumba cha jirani. Keep Talking ya 1994 ina sauti ya mashine ya mwanasayansi Stephen Hawking.

Mkubwa kuliko wote ni Clare Torry. Jumapili moja ya Januari 1973 aliitwa studio za Abbey Road aimbe juu ya kinanda cha Wright, bila maneno. Alijaribu kuweka maneno wakamkataza, basi akaamua kujifanya yeye ni chombo cha muziki. Alilia kwa sauti tupu, akapanda mpaka juu na kushuka mpaka mnong'ono, akaondoka akiomba radhi akidhani ameharibu. Huo ndio The Great Gig in the Sky. Alilipwa pauni 30. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani akidai ni mtunzi mwenza, mwaka uliofuata wakapatana, na tangu hapo jina lake limeandikwa pamoja na la Wright. Alistahili tangu siku ya kwanza, na mimi kama shabiki naona aibu kwamba ilichukua miaka 32. Khlyvnyuk aliombwa idhini kabla wimbo haujatoka na jina lake likawekwa jaladani. Inawezekana kabisa bendi ilijifunza.

Syd Barrett ana nafasi gani, ikiwa alipiga nao muda mfupi?

Alipotoka aliacha pengo, na wenzake wakaanza kuandika kuhusu pengo hilo. Shine On You Crazy Diamond, wa dakika kama 26 zilizogawanywa mwanzo na mwisho wa albamu ya Wish You Were Here, unamhusu yeye. Juni 1975, wakiwa Abbey Road wanaushughulikia wimbo huo huo, aliingia mtu mnene aliyenyoa nywele na nyusi. Walikaa naye muda kabla ya kumtambua. Alikuwa Barrett. Waliomtambua walilia. Baadaye aliishi kimya Cambridge, akichora na kutunza bustani mpaka kifo chake.

Live 8 iliihusu vipi Afrika Mashariki?

Tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8, Hyde Park, London, Waters alipanda jukwaani na Gilmour, Mason na Wright kwa mara ya kwanza tangu 1981. Walipiga nyimbo chache, wakakumbatiana, basi. Wright alipofariki mwaka 2008, mlango huo ukafungwa.

Tamasha hilo lilikuwa la kuwashinikiza viongozi wa nchi tajiri za G8, waliokuwa wakielekea Gleneagles, Scotland, kuhusu umaskini wa Afrika. Kwenye orodha ya nchi 18 za kwanza zilizokubaliwa kufutiwa madeni na taasisi za kimataifa zilikuwemo Tanzania, Uganda na Rwanda. Mawaziri wa fedha walikuwa wameshalikubali jambo hilo Juni, kabla ya tamasha, kwa hiyo tusiseme gitaa lilifuta deni. Lakini ugomvi wa miaka 20 uliwekwa kando kwa ajili yetu, na hilo halijasemwa vya kutosha kwa Kiswahili.

## Maswali ya pembeni

Nianzie wapi kusikiliza?

Usianzie kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora. Chukua Wish You Were Here, ina nyimbo tano tu, izime simu, isikilize usiku. Ukiipenda, rudi kwenye Meddle ya 1971, kisha The Dark Side of the Moon. The Wall ni nzito na ndefu, iache mpaka umewazoea. "Hey Hey, Rise Up!" tazama video yake iliyoongozwa na Mat Whitecross badala ya kusikiliza tu. Khlyvnyuk anaonekana kwenye skrini nyuma ya wapigaji, na unaona nani anamfuata nani.

Ni kweli The Dark Side of the Moon ilitungwa iendane na filamu ya zamani ya The Wizard of Oz?

Hapana. Bendi imekanusha, na aliyekuwa fundi wao wa sauti Alan Parsons naye amekanusha. Mwaka 1973 hawakuwa hata na mashine ya kuonyeshea filamu hiyo studio huku wakirekodi. Kuna mahali picha na muziki vinakutana vizuri, kama vinavyokutana ukizima sauti ya mpira na kuwasha redio.

Gitaa jeusi la Gilmour liko wapi sasa?

Aliliuza. Juni 2019 alipiga mnada magitaa yake zaidi ya 120 pale Christie's, New York. Lile jeusi aina ya Stratocaster lilifika dola 3,975,000. Mnada mzima ulileta zaidi ya dola milioni 21, zote akazipeleka ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira.

Mwishoni mwa The Dark Side of the Moon kuna mtu anazungumza kwa sauti ya chini. Ni nani?

Ni Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio za Abbey Road, mtu wa Ireland. Waters alikuwa ameandika maswali kwenye kadi, kuhusu kuogopa kufa, kupigana, kurukwa na akili, akawa anawaita watu waliokuwa karibu wayajibu mbele ya kipaza sauti. Paul McCartney na mkewe Linda waliokuwa jengo hilo hilo nao walihojiwa, lakini majibu yao hayakutumika. Ya bawabu yalitumika, mahali zaidi ya pamoja. Anachosema pale mwisho ni kwamba mwezi hauna upande wa giza, kwa kuwa wote ni giza. Ongeza sauti kabla mapigo ya moyo hayajaisha, utamsikia vizuri.